Kata ya Mtu Mmoja

Kwa mujibu wa serikali, kata nzima ya Chumvini ilikuwa na mkazi mmoja tu. Aliitwa Mashavu binti Ruhaga, miaka sitini na minane, mjane, anaishi peke yake. Na bibi huyu, sijui nguvu alizitoa wapi, alikuwa anawasha taa kwenye nyumba zaidi ya mia kwa wakati mmoja, ana laini za simu nyingi kuliko ofisi ya mkoa, na ndani ya mwaka mmoja alikuwa ameng'olewa meno ya kujaza kikombe, amepimwa tezi dume, na amejifungua kila mwezi bila kupumzika. Mtu yeyote mwenye akili zake angeshtuka. Mtambo haukushtuka, kwa sababu mtambo ulikuwa umefundishwa usishtuke.

Mmoja wa walioufundisha alikuwa ndani ya gari lisilo na dereva, anapanda kilima cha mwisho kabla ya Chumvini, anatafuna karanga. Jina lake Tekla Bihemo, mtakwimu mwandamizi kutoka makao makuu. Alikuwa ametumwa kazi ndogo kabisa: kushuhudia zahanati ikihamishiwa ng'ambo ya mto, kwenye watu, kisha kubonyeza kidole gumba kuthibitisha kwamba kata imefungwa. Shule ilishahamishwa mwaka juzi. Mkazi mmoja hawezi kuwekewa zahanati nzima peke yake, na Tekla mwenyewe aliliona hilo kuwa ni haki tupu.

Gari lilipomaliza kilima, karanga zikamkwama kooni.

Bonde zima lilikuwa linafuka moshi. Majiko ya kuchemshia chumvi yalipangana kutoka kwenye chemchemi mpaka ukingo wa mto, na kila jiko lilikuwa na karai pana la bati na watu wawili watatu wanaokoroga, wanachota, wanataniana kwa matusi ya mapenzi. Wanawake walikuwa wanashusha kuni. Redio zilikuwa zinapigana kelele. Mzee mmoja alikuwa anamfukuza mbuzi aliyekuwa na nusu ya kanga mdomoni, na watoto wasiohesabika wanamshangilia mbuzi.

"Gari," Tekla akasema, "hapa ni wapi?"

"Kata ya Chumvini," gari likajibu kwa adabu zake zote. "Idadi ya wakazi: mmoja."

*

Mfumo wenyewe uliitwa Hesabu Kimya. Ulikuwa umeletwa kwa shangwe, na tuseme ukweli, shangwe ile haikuwa ya bure. Zamani wadadisi wa serikali walikuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba na madodoso marefu, wanaumwa na mbwa, wanadanganywa, na majibu yakifika mjini yameshapitwa na wakati. Watu nao walikuwa wamechoka kuulizwa wanakula mara ngapi kwa siku na wageni ambao hawakuwaletea hata kisado cha unga. Ndipo wataalamu wakasema: ya nini kumsumbua mwananchi? Kila anachofanya tayari kimeandikwa mahali. Akizaliwa ameandikwa, akitibiwa ameandikwa, akinunua umeme, akisajili simu, akiandikisha mtoto shule. Shona vipande vyote hivyo kwa uzi mmoja, uzi wa alama ya kidole, na utapata kaya nzima bila kubisha hodi.

Ikatungwa Sheria ya Mlango. Afisa wa umma akigonga nyumba ya mtu kuuliza jambo ambalo kumbukumbu zinalijua, amevunja sheria. Nchi nzima ilipiga makofi, na Tekla alipiga kuliko wote, maana yeye mguu wake ulikuwa na kovu la mbwa tangu enzi zake za udadisi.

Kisha akapewa kazi ya kusafisha. Kumbukumbu zikishonwa huwa na takataka: mtu mmoja amekufa mara mbili, mwanamume amejifungua. Tekla akatunga kanuni. Mambo yanayopingana chini ya kidole kimoja yahesabiwe kuwa makosa ya uandishi, yafutwe. Ajuza wa miaka sitini na minane hawezi kuzaa, kwa hiyo kila mtoto aliyezaliwa Chumvini alifutwa siku alipozaliwa. Kanuni ilikuwa safi. Ilimpatia Tekla cheo na kiti kinachozunguka.

*

Mbele ya zahanati lilikuwa limesimama roli kubwa la serikali, halina mtu ndani, lina mikono miwili ya chuma. Lilikuwa limeshapakia mizani ya watoto, jokofu la chanjo na kabati la dawa. Sasa mikono ilikuwa imeingia dirishani kukifuata kitanda cha kujifungulia, na hapo ndipo kazi ilipogoma.

Juu ya kitanda alikuwa amekaa mwanamke mjamzito, tumbo liko puani, amekunja mikono.

"Mzigo usiojulikana juu ya kitanda," roli likasema. "Tafadhali mzigo uondolewe."

"Mzigo ni mama yako," mwanamke akalijibu.

Umati ukacheka kwa hasira. Muuguzi wa zahanati, Kizito, kijana mwembamba aliyeajiriwa kutoka ng'ambo na kuandikwa mkazi wa huko, amevaa koti jeupe lililokwisha kufifia, alimwona Tekla na beji yake akamjia mbio.

"Afisa, afadhali umefika. Huyu ni Zamda, amebakiza siku chache tu. Mtoto wa kwanza alimpoteza akiwa kwenye mtumbwi, tunamvusha kwenda hospitali. Sasa wanahamishia zahanati hukohuko ng'ambo. Mimi nimeandika ripoti mpaka mkono umekufa ganzi. Zinarudi zote zimeandikwa 'kosa la uandishi'."

Tekla aliyajua maneno hayo. Aliyachagua yeye, asubuhi moja, akinywa chai.

Akaenda kwenye kitanda akatoa kisomeo chake kidogo cha alama za vidole. "Dada, naomba kidole."

Zamda akamnyooshea viganja vyote viwili kwa dharau. Vidole vyake vilikuwa laini, vinang'aa, havina mstari hata mmoja. Kisomeo kikawaka chekundu: hakuna mtu.

"Maji ya chumvi," sauti nyuma ya Tekla ikasema. "Yakichemka yanakula ngozi. Yamewala vidole hawa wote, tangu wadogo."

Tekla akageuka. Alikuwa bibi mnene, futi ya fundi cherehani imening'inia shingoni, pini zimechomekwa kwenye ukingo wa kanga. Hakuhitaji kuambiwa ni nani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye kata." Bi Mashavu akacheka mwenyewe, kifua kikatikisika. "Uandikishaji ulipokuja tulipanga foleni pale kwenye mwembe—ah, hata mwembe wenyewe hawakuuandika! Kila mtu anaweka kidole, mashine inasema hakuna mtu. Anakuja mwanamume mzima na ndevu zake, hakuna mtu. Nikafika mimi, mshona nguo, sijawahi kugusa karai. Mashine ikaniitikia. Basi vijana wakaniambia, bibi, tuazime kidole tuwashe taa. Nikawaazima. Kesho yake wengine, wanataka simu. Nikawaazima. Mwenye mimba anataka kadi ya kliniki, nimkatalie? Hata umeme wa zahanati hii, tuliyoijenga kwa matofali yetu, ni kidole changu. Nilidhani nasaidia watu. Kumbe nawameza."

Neno la mwisho alilisema polepole, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

*

Tekla alitoka nje akampigia mkurugenzi wake, Bwana Lwamgira. Alimweleza yote.

"Tekla," Bwana Lwamgira akasema, "unaniambia umeingia kwenye makazi ya watu ukauliza maswali?"

"Sikubisha hodi, Mkurugenzi. Wamesimama nje. Wako zaidi ya mia nne."

"Umewahesabu kwa macho?"

"Kwani macho yana ubaya gani?"

"Macho hayana kumbukumbu. Sikiliza, mwanangu. Kama kidole kimeazimwa, hilo ni kosa la jinai. Ripoti kidole. Mfumo utakifunga, bibi atafikishwa mahakamani, na hao wengine wataomba upya."

"Wataomba kwa vidole gani? Na ukifunga kidole, umeme wote unazimika papo hapo. Simu zote. Kliniki. Watabaki gizani wanasubiri mashine isiyowaona."

"Basi usiripoti. Bonyeza gumba lako, zahanati ihame, urudi nyumbani. Chagua moja. Lakini namba yetu ni namba yetu. Tukikubali Chumvini imekosewa, kesho tutaulizwa ni Chumvini ngapi zipo."

Akakata simu. Tekla alibaki ameshika simu anayotamani kuitupa. Sentensi ile ya mwisho ilimchoma, kwa sababu mzee alikuwa amesema kweli bila kukusudia. Chumvini ngapi zipo? Wapasua kokoto hawana vidole. Wakata mkonge hawana vidole. Ni nani aliyekuwa amewauliza?

*

"Kwa hiyo ni hivi," Tekla aliwaambia aliporudi ndani. Walikuwa watatu tu chumbani: Bi Mashavu, Kizito, na Zamda aliyekataa katakata kushuka kitandani. "Nikisema ukweli, mnazimwa. Nikinyamaza, zahanati inaondoka."

"Na hukuja na la tatu?" Zamda akauliza. "Umesoma kote huko, hata la tatu huna?"

"Zamda," Kizito akamtuliza.

"Niache! Mimi nimezaa maiti mtoni, halafu huyu ananiletea mawili ya kuchagua, yote mabaya!"

Nje, roli likarudia maneno yake yale yale kuhusu mzigo.

Bi Mashavu akavuta pini kutoka kwenye kanga akaichomeka tena, kwa nguvu. "Mimi nimechoka na huo mtambo wenu. Niandikeni nimekufa, potelea mbali! Tuone kama utakuja kunizika!"

Alilisema kwa hasira tu, kama mtu anavyotupa sahani. Lakini Tekla alimtazama, akaendelea kumtazama, mpaka Bi Mashavu akajishika uso kuona kama kuna kitu.

"Utakuja," Tekla akasema.

"Nini kitakuja?"

"Serikali. Itakuja kukuzika, bibi. Itabisha hodi."

Akawaeleza haraka haraka, anatembea huku na huku. Wakati Hesabu Kimya inapewa kila kitu, masheikh, maaskofu na wazee wa koo waliafikiana kwa mara ya kwanza maishani mwao. Walikataa katakata mashine isiguse mirathi. Wakaachiwa sheria ya zamani kama ilivyokuwa. Mtu akifa, afisa wa serikali aliye karibu lazima aende msibani kwa miguu yake, abishe hodi, aulize marehemu ameacha nani. Majirani wanathibitisha kwa vinywa vyao. Kila aliyekuwa akimtegemea marehemu kwa nyumba, taa au tiba anaandikwa jina, sura na sauti, awe na kidole asiwe nacho. Na mpaka wote waandikwe, mali ya marehemu haiguswi. Umeme haukatwi. Kilichomo ndani ya nyumba yake hakitoki.

"Na zahanati hii," Kizito akasema taratibu, "kwa kumbukumbu ni nyumba yake."

"Ni nyumba yake. Na waliomtegemea ni Chumvini nzima. Hawatadanganya hata neno moja. Uongo kwenye jambo zima ni mmoja tu."

"Upi?" Bi Mashavu akauliza.

"Wewe."

Bi Mashavu alikaa kwenye benchi. Zamda alikuwa wa kwanza kuelewa, na aliona ubaya wake. "Hapana. Bibi ana presha. Akishakuwa maiti kwenye mtambo, dawa atapata wapi? Atatibiwa kwa jina la nani?"

"Kwa lako," Bi Mashavu akasema. "Utakuwa na jina sasa, si ndiyo? Mimi nimewabeba miaka yote. Na nyie nibebeni." Akamgeukia Tekla. "Nimekuwa watu mia nne kwa mpigo, nitashindwa kuwa maiti mmoja? Leta hicho kitu."

Lakini Tekla hakukileta. Kwa watu wengine lilikuwa jambo dogo, kubonyeza kitufe kuwaokoa watu. Kwake yeye lilikuwa zito mno. Maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuandika kitu ambacho hakikuwepo. Wenzake walipopendezesha takwimu ili waziri afurahi, yeye aliwashtaki. Aliamini, na bado aliamini, kwamba nchi inayodanganya kwenye hesabu zake haiwezi kumlisha mtu. Akianza leo kwa sababu nzuri, kesho mwingine ataanza kwa sababu anayodhani ni nzuri. Na kifo! Kifo hakifutwi. Hesabu Kimya haikuwa na mlango wa kumrudisha mtu. Bibi huyu angetembea duniani miaka yake yote iliyobaki bila kuwepo, na akifa kweli, hakuna ambaye angeweza kumwandika.

"Siwezi kuandika uongo," akasema. Sauti ilimtoka ndogo, akaichukia.

Bi Mashavu hakupandisha sauti. "Mwanangu, watoto waliozaliwa kwenye kitanda hiki, nani aliwafuta?"

"Mimi," Tekla akasema. "Kanuni ile ni yangu."

"Uliwafuta wako hai, wananyonya. Hiyo hukuiita uongo, uliiita nini?"

"Usafi," Tekla akasema.

"Basi. Uliua watu mia nne bila kujua, na bila ridhaa yao. Mimi nakupa mmoja, anajua, na ameridhia. Kama dhamiri yako inauma, acha iume. Na iume kweli. Lakini usije ukaniambia mikono yako ilikuwa safi mpaka ulipofika kwangu."

Kizito alikuwa amekwisha kuchukua kompyuta ya zahanati. Alifungua ukurasa wa vifo, akaandika jina. Akaweka kidole chake. Mashine ikaomba kidole cha shahidi wa serikali.

"Kwa hili tutafungwa," Tekla alimwambia.

"Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wasiokuwepo," Kizito akasema. "Nimeshafungwa."

Tekla alilitazama gumba lake, lenye mistari yote, gumba la mtu asiyewahi kukoroga karai. Alikuja nalo kufunga kata. Hofu ilikuwepo, lakini juu ya hofu ilikuwa imepanda hasira, hasira ya wazi kabisa, kwa mkurugenzi, kwa kiti kinachozunguka, kwake mwenyewe. Akabonyeza.

Kioo kikafikiri kidogo. Kisha kikaandika: Chumvini. Idadi ya wakazi: sifuri.

Nje roli likakohoa. Mikono ya chuma ikaacha kitanda, ikarudi kinyumenyume, ikaanza kushusha kabati la dawa, ikaliweka chini taratibu mahali palepale lilipokuwa. Umati ukapiga ukelele. Mwanamke mmoja akaanza vigelegele, mwenzake akamfinya: "We! Kwenye msiba?"

Simu ya Tekla ikaita. Bwana Lwamgira hakusalimia.

"Tekla, umefanya nini? Kata nzima imekufa!"

"Ndiyo, Mkurugenzi. Msiba mkubwa."

"Nitatuma watu wakukamate."

"Watume. Wakifika itabidi wabishe hodi. Na wakishabisha, watakuta watu." Akazima simu.

Papo hapo gari lake likaita kutoka uani, kwa adabu zake zote: "Taarifa ya mirathi. Afisa aliye karibu ni Tekla Bihemo. Tafadhali aende kwa wafiwa."

Nyumba ya Bi Mashavu ilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Marehemu alitangulia mbio, kanga imeinuliwa magotini, na Zamda akashuka kitandani kwa hiari yake kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akamfuata, mkono kiunoni. Mlango ukafungwa. Watu wakaacha makarai yao wakaja, wakasimama nyuma ya Tekla, wengine na vijiko vya kukorogea mkononi.

Tekla alisimama mbele ya mlango. Tangu Sheria ya Mlango itungwe hakuwahi kubisha hodi kwa mtu, na alikuwa amesahau mtu anaanzaje. Akasafisha koo.

"Hodi."

Akagonga kwa kiganja.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu!" ikajibu sauti nene ya Bi Mashavu, na sauti ya Zamda ikamkatiza kwa ukali: "Bibi, wewe umekufa! Nyamaza!"

Mlango ukafunguliwa. Zamda alisimama kizingitini, ametangulizwa na tumbo, vidole vyake visivyo na alama vimeshika mlango. Tekla akawasha kinasa sauti. Swali lilikuwa rahisi. Enzi za wadadisi aliwahi kuliuliza mara elfu bila kusikiliza jibu.

"Mko wangapi humu ndani?"

Zamda alimtazama. Kisha akatazama juu ya bega lake, kwa wale wote waliosimama uani mpaka kwenye majiko, akainama kwa shida, akamsogezea kigoda.

"Kaa kwanza, dada," akasema. "Tuko wengi."